Herufi Moja Katika Karakana ya Ndege

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima: Historia

Kabla hatujaanza somo la leo, tafadhali chukueni kalamu na karatasi. Andikeni herufi C. Kando yake andikeni herufi D. Zitazameni vizuri. Pengine mlipoanza darasa hili mlizichanganya, na mwalimu wenu akawarudisha ubaoni. Pengine wako waliosema moyoni, "Herufi moja tu, ya nini kusumbuana?" Leo nitawaeleza jinsi herufi hizi mbili zilivyokaribia kuwaua watu 87 angani. Na kwa habari hiyo mtaona namna vyuo vya mafundi wa ndege vilivyojifunza, polepole na kwa gharama kubwa, kulinda ubora wa kazi na usalama wa watu.

Tutakwenda hatua kwa hatua. Tutaanza Marekani mwaka 1903, tutapita Uingereza, tutafika kwetu Afrika ya Mashariki, kisha tutarudi Uingereza tena. Mwisho tutaingia ndani ya chuo cha mafundi wa ndege, tuone kinaendeshwaje siku hizi.

Fundi mmoja na macho yake

Ndege ya kwanza yenye injini iliyoweza kuruka na kuongozwa na mtu ilitengenezwa na ndugu wawili wa Marekani, Wilbur na Orville Wright. Kazi yao ilikuwa kutengeneza na kuuza baiskeli katika mji wa Dayton. Walikuwa na fundi wao, Charles Taylor. Yeye ndiye aliyewatengenezea injini, kwa muda wa majuma 6 hivi, katika karakana ileile ya baiskeli. Hakuwa na kitabu cha maagizo, kwa kuwa hapakuwa na mtu aliyepata kukiandika. Tarehe 17 Desemba 1903 ndege hiyo iliruka kwa sekunde 12, ikaenda karibu mita 37.

Siku zile hapakuwa na chuo cha mafundi wa ndege, wala cheti, wala mkaguzi. Ndege ilikuwa moja, fundi mmoja, na wenye ndege ndio waliopanda wenyewe. Fundi akikosea, anayeanguka ni mtu anayekula naye meza moja. Basi ulinzi wa kazi ulikuwa macho ya fundi na moyo wake.

Lakini hali hiyo haikudumu. Tarehe 17 Septemba 1908, Orville Wright aliruka mahali paitwapo Fort Myer, karibu na Washington, akiwa amempakia afisa wa jeshi, Thomas Selfridge. Panga moja la rafadha, yaani lile pangaboi linaloivuta au kuisukuma ndege, likapasuka angani. Ndege ikaanguka, Orville akaumia vibaya, na Selfridge akafa. Huyo alikuwa abiria wa kwanza kufa katika ajali ya ndege. Tangu siku hiyo watu walianza kujua kwamba abiria hupanda ndege bila ya kuweza kuikagua. Humwamini fundi ambaye pengine hatamwona kamwe. Sasa swali likawa hili: nani anamkagua fundi?

Kutia sahihi

Vita Kuu ya kwanza, ya mwaka 1914 hadi 1918, iliongeza ndege kutoka chache hadi maelfu. Haikuwezekana tena kumtegemea fundi mmoja hodari. Ilibidi mafundi wafundishwe wengi, na wote wafundishwe sawasawa. Jeshi la anga la Uingereza lilianza kuwafunza vijana katika chuo cha Halton mwaka 1922. Mafunzo yao yalichukua miaka 3, nao walisoma hesabu na sayansi pamoja na kazi za mikono.

Jeshi hilo lilikuwa na desturi moja ambayo yafaa tuiangalie. Kila ndege ilikuwa na kitabu chake. Fundi aliyefanya kazi aliandika alichokifanya, akatia sahihi. Rubani naye, kabla ya kuondoka, alikisoma kitabu kile akatia sahihi kwamba ameipokea ndege. Kwa hiyo kazi ya fundi ikawa na jina la mtu, tarehe, na maneno yanayoweza kusomwa na mtu mwingine.

Hapo ndugu zangu mnaona kwamba ulinzi wa ndege ulitoka machoni ukaingia katika maandishi. Macho husahau, na mwenye macho huenda nyumbani kulala. Maandishi hubaki karakana.

Nchini Marekani sheria ya mwaka 1926 ilitaka marubani na mafundi wa ndege za raia wawe na leseni, na mwaka 1927 fundi wa kwanza akapewa ya kwake. Kisha tarehe 7 Desemba 1944 wajumbe wa mataifa 52 walitia sahihi mapatano katika mji wa Chicago. Kutokana na mapatano hayo, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga lilianza kazi mwaka 1947, na makao yake yako Montreal, Kanada. Shirika hilo huweka kanuni ambazo kila nchi mwanachama huzitumia kutunga sheria zake. Tanganyika, Kenya na Uganda zilijiunga nalo baada ya kupata uhuru.

Makosa mawili yaliyokutana

Sasa tuje kwetu. Shirika la ndege la Afrika ya Mashariki lilianza mwaka 1946. Ndege zake ziliunganisha Nairobi, Dar es Salaam, Entebbe na Zanzibar, na baadaye zikafika Ulaya na Bara Hindi. Mwaka 1971 chuo cha urubani kilifunguliwa Soroti, Uganda, kwa ajili ya nchi zetu 3, ili vijana wa Afrika ya Mashariki wapate kufundishwa papa hapa. Chuo hicho kilifundisha marubani na mafundi pia.

Mwaka uliofuata ulileta msiba. Tarehe 18 Aprili 1972, ndege kubwa ya shirika letu, aina ya VC10, iliyokuwa ikienda London kutoka Nairobi, ilikuwa ikiondoka katika uwanja wa Addis Ababa, Ethiopia. Ndani yake walikuwamo watu 107. Kabla yake ndege ndogo ilikuwa imeruka katika njia ileile. Ndege hiyo ndogo iliangusha kipande cha chuma, kile kinachofungwa mwilini mwa ndege ili jeki ipate mahali pa kushikia inapoinuliwa. Kazi ikiisha, chuma hicho sharti kiondolewe. Hiki hakikuwa kimeondolewa.

VC10 ikaja kwa kasi, gurudumu lake la mbele likakikanyaga chuma kile, tairi likapasuka. Rubani akaamua kusimama, akafunga breki. Lakini breki hazikushika kwa nguvu zake zote. Wachunguzi waligundua kwamba sehemu ya mfumo wa breki ilikuwa imeunganishwa vibaya ilipofunguliwa na kurudishwa. Ndege ikapita mwisho wa uwanja, ikaanguka bondeni, ikawaka moto. Watu 43 wakafa.

Tafakarini jambo hili. Yalikuwapo makosa mawili ya kazi ya fundi, katika ndege mbili mbalimbali. La kwanza lilikuwa kutokuhesabu vifaa baada ya kazi. La pili lilikuwa kutounganisha kitu kama kilivyotakiwa. Kila kosa peke yake pengine lisingeua mtu. Siku hiyo yalikutana. Ndiyo maana fundi wa ndege hafundishwi kusema, "Kosa dogo halidhuru." Yeye hajui kosa lake litakutana na kosa la nani.

Herufi C na herufi D

Sasa tufike kwenye herufi zetu. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Juni 1990, katika karakana ya uwanja wa Birmingham, Uingereza, msimamizi wa zamu alibadilisha kioo cha mbele cha ndege. Kioo hicho hushikwa kwa bolti 90. Bolti zilizotakiwa zilikuwa na namba A211-8D. Tarakimu 8 huonyesha urefu, na herufi D huonyesha unene.

Msimamizi huyo hakuwa mjinga wala mvivu. Alikuwa fundi wa miaka mingi, mwenye kuheshimiwa. Alichukua bolti moja ya zamani aliyoifungua, akatafuta nyingine zinazofanana nayo. Mtunza stoo alimwambia namba inayotakiwa kwa kioo kile, lakini yeye alifuata bolti aliyokuwa nayo mkononi. Stoo hazikutosha. Akaenda kwenye sanduku jingine la vifaa, mahali penye mwanga hafifu, akazichagua kwa macho. Orodha ya vifaa yenye namba zote ilikuwapo. Hakuisoma kwa ajili ya bolti zile.

Bolti 84 alizofunga zilikuwa A211-8C. Urefu ulikuwa uleule, lakini unene ulipungua kwa kiasi kisichofika milimita 1. Nyingine 6 zilikuwa na unene unaofaa, ila zilikuwa fupi. Alizikaza zote, akatia sahihi. Kanuni za siku zile hazikutaka mtu wa pili aikague kazi ya kioo, basi hakuna aliyeikagua.

Asubuhi ya tarehe 10 Juni ndege iliondoka kwenda Hispania ikiwa na abiria 81 na wafanyakazi 6. Baada ya dakika 13, ikiwa juu zaidi ya mita 5,000, kioo kiling'oka. Hewa iliyotoka kwa nguvu ilimvuta rubani mkuu, nusu ya mwili wake ikawa nje ya ndege. Wafanyakazi wakamshika miguu wasimwachie. Rubani msaidizi akaishusha ndege katika uwanja wa Southampton. Kwa bahati njema wote 87 walipona, hata rubani yule.

Ndugu wanafunzi, fundi huyu alijua kusoma. Alisoma pengine kupita wengi wetu. Lakini usiku ule macho yake yalimwambia, "Hizi zafanana," naye akayaamini. Kujua kusoma ni jambo moja, na kusoma wakati inapotakiwa ni jambo jingine. Hilo ndilo fundisho kubwa la leo.

Wachunguzi hawakuishia kwa mtu mmoja. Waliuliza, "Mbona desturi hii haikuonekana mapema?" Wakakuta kwamba ukaguzi wa ubora uliofanywa pale haukutazama jinsi wasimamizi wa zamu walivyofanya kazi. Sahihi zilitazamwa, mikono haikutazamwa.

Chuo ni mizani

Nchi nyingi zikaanza kuuliza desturi hizo hutoka wapi. Jibu ni kwamba nyingi huanza chuoni. Mwanafunzi akimwona mwalimu wake anaacha kitabu rafuni na kusema, "Hii naijua," atajifunza bolti, na pia atajifunza kuacha kitabu rafuni.

Mwaka 1993 Gordon Dupont, aliyekuwa mtaalamu wa idara ya uchukuzi ya Kanada, alikusanya mambo 12 yanayomfanya fundi mwema akosee. Kwa Kiswahili twaweza kuyataja hivi: kutoelezana vizuri, kuridhika kupita kiasi, kutokujua, kupotezwa mawazo, kutoshirikiana, uchovu, upungufu wa vifaa, kuharakishwa, woga wa kusema, wasiwasi wa moyo, kutoona hatari iliyo karibu, na kufuata mazoea ya wenzio. Yatazameni mambo hayo. Mengi yake hayahusu injini hata kidogo. Yanahusu mtu. Kwa hiyo siku hizi tabia ya mwanadamu kazini ni somo lenye mtihani wake katika vyuo vya mafundi wa ndege.

Mwaka 2003 nchi za Ulaya zilitoa kanuni za pamoja kwa vyuo hivyo, na nchi nyingine nyingi zina kanuni zinazofanana nazo. Nitawatajia chache.

Darasani wanafunzi wasizidi 28. Katika kazi za mikono wasizidi 15 kwa msimamizi mmoja, ili kila mkono uonekane. Anayetaka kuwa fundi kamili wa ndege kubwa za injini za jeti, katika kozi moja iliyo maarufu, husoma saa 2,400. Nusu ya saa hizo, au zaidi kidogo, ni za darasani, na zilizobaki ni za karakana. Katika mtihani hupita mwenye kupata alama 75 katika 100. Yaani yakiwa maswali 40, hana budi kuyajibu sawasawa 30. Akikamatwa anaiba majibu, hufukuzwa katika mtihani huo, wala hafanyi mwingine kwa muda wa miezi 12. Mwalimu au msimamizi anayemvujishia mwanafunzi majibu naye huondolewa katika kazi ya mitihani.

Kanuni nyingine ni hii: chuo lazima kiwe na ukaguzi wake wa ndani, unaofanywa na mtu asiyekagua kazi yake mwenyewe. Huyo huangalia kama mafunzo yanafuata yaliyoandikwa, kama mitihani haijavuja, kama walimu wanajifunza mambo mapya. Kasoro akiziona, humpelekea mkuu wa chuo, naye mkuu hana budi kuzirekebisha.

Labda mtauliza, mbona ulinzi mwingi hivi? Fikirini mizani ya dukani. Mizani hupima sukari, lakini na mizani yenyewe hukaguliwa na watu wa vipimo, ikapigwa mhuri. Mwenye duka hawezi kujipigia mhuri. Mizani mbovu haimpunji mteja mmoja. Humpunja kila anayeingia. Chuo cha mafundi ni mizani namna hiyo. Kikimpitisha asiyefaa, kosa halitaonekana siku ya mahafali. Litaonekana baada ya miaka, labda katika nchi nyingine, na watakaolipa ni watu wasiokijua hata chuo hicho.

Hapa tutofautishe maneno mawili. Ubora huuliza, "Je, kazi imefanywa kama ilivyoandikwa?" Usalama huuliza, "Je, ni kitu gani kinaweza kumdhuru mtu, nasi tumekizuia?" Yote mawili yatakiwa. Katika karakana ya chuo kizuri utaona ubao wa vifaa, na kila spana imechorewa umbo lake. Spana ikikosekana, umbo tupu laonekana mara moja. Kuchora maumbo ni ubora. Kukataa kuiachia ndege mpaka spana ipatikane ni usalama.

Jambo la mwisho la chuo ni kuripoti. Mwanafunzi aliyeangusha nati ndani ya injini hufundishwa kusema papo hapo, na mwalimu hufundishwa kutomfedhehesha kwa kusema kweli. Anayeficha kwa makusudi huadhibiwa. Anayesema mapema hushukuriwa, kisha kosa lake hufanywa somo kwa wote. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini nani ataziba ufa ikiwa aliyeuona anaogopa kuutaja?

Kwetu baada ya 1977

Shirika letu la ndege lilikwisha mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ilipovunjika. Kila nchi ikaendelea na shirika lake na ukaguzi wake. Jumuiya ilipofufuka, nchi wanachama ziliona kwamba haifai kila moja kuwa na kipimo chake mbali na jirani. Mwaka 2007 zikaanzisha wakala wa pamoja wa kusimamia usalama wa anga, na makao yake yakawa Entebbe. Kazi yake moja ni kuzisaidia nchi kulinganisha kanuni, ili leseni ya fundi iwe na uzito uleule Kisumu, Mwanza na Entebbe. Na mwaka 2013 lile Shirika la Kimataifa lilikusanya kanuni za kusimamia usalama katika kitabu kimoja, cha 19 katika mfululizo wa vitabu vyake.

Basi ndugu zangu, mwanafunzi wa darasa la watu wazima ana nini katika habari hizi? Wachache wetu watakuwa mafundi wa ndege. Lakini mama anayesoma maandishi ya chupa ya dawa kabla ya kumpa mtoto, mkulima anayesoma kipimo cha dawa ya pamba, na dereva anayesoma uzito ulioandikwa kwenye lori, wote wako katika kazi ileile ya Birmingham. Mwalimu wako akikurudisha ubaoni kwa ajili ya herufi moja, usikasirike. Ukiona hujaelewa, inua mkono. Na jina lako utakapolitia chini ya kazi, hakikisha umeisoma kwanza.

Maneno ya kukumbuka

Karakana: mahali pa kutengenezea mitambo.
Mkaguzi: mtu anayechunguza kama kazi imefanywa sawasawa.
Kutia sahihi: kuandika jina lako kuthibitisha jambo.
Mazoea: jambo linalofanywa kila siku hata halifikiriwi tena.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika ajali ya Addis Ababa mwaka 1972, makosa mawili ya kazi yalikuwa yapi?
2. Bolti ya A211-8C ilipungukiwa na nini kuliko ya A211-8D?
3. Mtihani una maswali 60. Mwanafunzi wa ufundi wa ndege ayajibu sawasawa mangapi ili apate alama 75 katika 100?
4. Katika yale mambo 12, ni lipi mnaloliona zaidi katika kazi zenu? Kila mmoja atoe mfano, wala asichekwe.
5. Kazi ya nyumbani: tafuta nyumbani kwako chupa, mfuko au mashine yenye maagizo. Yasome yote, kisha andika sentensi 3 kueleza hatari inayoweza kutokea kama mtu hakuyasoma.